Farasi Mia Nne wa Mama Mkwe

Kwenye treni, mbele yangu walikaa mama mmoja mwenye miwani na mkwe wake, fundi magari, kucha zimejaa grisi. Gari la mama lilikuwa limekufa, na mkwe ndiye aliyekuwa na kesi ya kujibu.

"Mama, lilitoka kiwandani na nguvu za farasi mia na ishirini," alisema. "Nikaliwekea turbo na pistoni ngumu, likafika mia nne!"

"Mimi gari naendea sokoni, baba. Farasi mia nne wote wabebe vitunguu?"

Mkwe akaeleza kwamba kosa ni la bloku. Bloku ndiyo inayobeba injini nzima, na hiyo aliiacha ileile ya zamani. Ukuta wa silinda ndani yake ukapasuka.

"Kwani hukujua uwezo wake?"

"Kitabu cha gari kilisema isizidi mia mbili."

"Ulikisoma?"

"Nilikisoma, Mama. Nikadhani waliokiandika ni waoga."

Niligeukia dirishani, maana kumcheka mtu aliyebanwa na mama mkwe ni dhambi. Yeye wala hakuona haya. "Lakini tukipata bloku nene, Mama, hata mia tano tunafika."

Mama akavua miwani, akaifuta taratibu. "Mke wako anajua haya?"

"Anajua gari lako liko kwa fundi."

"Fundi gani?"

Treni ikasimama kituoni. Mkwe akainuka kabla ya abiria wote, akaomba kwa heshima kubwa ambebee mama mkoba.