Bi Sinzia wa Chumba cha Mawimbi: Miaka Thelathini na Mitatu Akiwa Macho

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, mwenzetu Bi Sinzia anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka thelathini na mitatu, karibu yote katika chumba kimoja: mwisho wa korido ya ghorofa ya kwanza, penye mlango uliobandikwa karatasi ya TAFADHALI USIGONGE. Kamati ya sherehe imeniagiza niandike wasifu mchangamfu. Nimekubali kwa sababu nimefanya naye kazi miaka tisa, na kwa sababu wengine wote walipoombwa walikumbuka ghafla kwamba wana shughuli. Ila nawaonya mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi, na mwaka huu nimekuwa na sababu.

Jina lake la kwenye barua ya ajira analo, lakini hata mlinzi wa getini halijui. Hili la Bi Sinzia alipachikwa na wagonjwa, kwa yale maneno anayomwambia kila anayelala kwenye kiti chake: "Sinzia tu, niko macho."

Kwa wageni wetu ambao hawajawahi kufika kule mwisho wa korido, chumba chetu hupima mawimbi ya ubongo. Ubongo hutoa umeme kidogo sana, na mashine huuchora kwa mistari inayopanda na kushuka. Mtu akiwa macho na hamsini zake, mistari huwa midogo na ya haraka haraka. Akifumba macho akatulia, hupungua kasi. Akianza kusinzia, pale ambapo hajalala wala hayuko macho, huja mawimbi ya theta, ya polepole, manne hadi saba kwa sekunde. Hapo ndipo mtu huona picha zisizo na kichwa wala miguu, akakumbuka harufu ya darasa la kwanza, au akajibu swali ambalo hakuulizwa. Hapo pia ndipo maradhi kama kifafa, ambayo hujificha mtu akiwa amejikaza, huweza kujitokeza. Mgonjwa asiposinzia, mara nyingi tunatoka mikono mitupu.

Sasa nani atasinzia akiwa amebandikwa vibati zaidi ya ishirini kichwani kwa gundi, nyaya zinaning'inia, na moyoni anaamini tunasoma mawazo yake? Wengi wetu tukimwambia mgonjwa atulie, ndiyo kwanza anakaza shingo. Bi Sinzia hakuwahi kumwambia mtu atulie. Alimwomba amweleze jiko la nyumbani kwao alikokulia, kuanzia mlangoni, rafu kwa rafu. Rafu ya kwanza mtu husema kwa adabu. Ya pili sauti inashuka. Kufika ya tatu maneno yanaachana, na hapo ndipo anaposema yale maneno yake, na theta zinaingia kwenye kioo cha mashine.

Aliajiriwa akiwa muuguzi kijana wa wodi ya watoto, akahamishiwa kwetu kwa muda, na muda wenyewe ndio huo unaokwisha Ijumaa. Mashine aliyoikuta ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo, ikichora kwa kalamu za wino kwenye karatasi, na wino mwingine ikiuchora kwenye mikono yake. Futi ya kupimia vichwa haikuwapo. Akaazima ya mumewe, ambaye ni fundi cherehani, na hajairudisha mpaka leo. Mzee huwa anasema wateja wake wa mwaka ule walivaa suruali za kukadiria.

Visa vya chumba kile ni vingi. Yupo dereva wa lori aliyekuwa kimya tangu alipoingia, kisha katikati ya theta akatamka wazi kwamba ufunguo uko ndani ya kiatu cha kushoto, akashtuliwa na sauti yake mwenyewe. Wiki iliyofuata alituma salamu kwamba kweli ulikuwamo. Sisi tulianza kunong'ona habari za miujiza, lakini Bi Sinzia alikataa. Alisema kichwa kikiacha kukimbia huokota kilichoangusha, na akarudi kwenye gundi yake.

Yupo pia afisa ugavi wetu, ambaye najua anasoma hapa na atanisamehe. Alikuja na vipokea sauti vya masikioni vilivyojaa mivumo ambayo, kwa maelezo ya aliyemuuzia, ingemtia theta hata akiwa anatembea, na kumpa kumbukumbu ya ajabu. Bi Sinzia hakumcheka. Alimlaza kitini, akambandika vibati, akamwambia aviwashe. Mistari ikawa ile ya mtu anayesubiri majibu ya mtihani. Baadaye chaji ikaisha, mivumo ikakatika, naye akasinzia fofofo. Vipokea sauti alivisahau kwetu, na alivikumbuka mwezi mzima baadaye.

Yeye mwenyewe hakuwahi kusinzia, na hilo lina sababu. Katika mwaka wake wa kwanza, mtoto alipatwa na degedege palepale kitini huku mhudumu mwenzake amechukuliwa na usingizi wa mchana. Bi Sinzia alikuwa anapita tu na taulo. Alimwahi, mtoto akapona, lakini tangu siku hiyo masikio yake hayakukaa likizo. Chumba kile kina giza, kina joto, kina mgonjwa anayekoroma. Mimi nimewahi kupiga kichwa kwenye meza mara ambazo sitazitaja. Yeye hapana.

Ushahidi upo. Kila mashine mpya inapofika sharti ijaribiwe kwa mtu mzima wa afya, na kwa desturi ya chumba chetu kichwa cha majaribio kimekuwa chake. Mashine tatu, majaribio matatu, na mara zote tatu aliambiwa apumzike, taa zikafifizwa, na mistari ikabaki ya mtu anayesikiliza nyayo koridoni. Daktari wetu wa ubongo, mtu wa utani, aliandika chini ya jaribio la tatu: "Askari wa zamu."

Haya yanayofuata ameniruhusu kuyaandika. Nilipomuuliza alisema nikiyaacha atasimama ukumbini ayaseme mwenyewe, na keki itatuganda kooni.

Mwaka jana alianza kusahau. Kopo la gundi tulilikuta kwenye friji ya chakula. Aliniita kwa jina la aliyekuwapo kabla yangu. Aliuliza swali, akajibiwa, na chai haijapoa akaliuliza tena. Wenzetu walicheka wakasema ndiyo kustaafu huko kunabisha hodi. Yeye hakucheka. Asubuhi moja tukiosha vichana vya kuchania nywele za wagonjwa alinieleza kwamba mama yake mzazi alianza hivyohivyo, kwa umri huohuo, na alimalizia kwa kumuuliza yeye, bintiye wa kumzaa, wewe ni mtoto wa nani.

Mwezi Mei ikafika mashine ya nne. Fundi wa mashine alikuwa hajaleta waya wa kamera inayomwangalia mgonjwa, lakini tuliona haidhuru, kwa kuwa kichwa tulikuwa tunakijua. Bi Sinzia akalala kitini, nikambandika vibati, nikafifiza taa, nikaenda kukaa upande wa pili wa ukuta penye kioo cha mashine. Haukupita muda theta zikaja. Pande zote mbili za kichwa, polepole, zimetulia. Nilidhani nyaya zimelegea. Nilimwita kwa kipaza sauti, akajibu papo hapo kwamba yuko macho. Alipoinuka aliapa kwamba hakufumba jicho na kwamba alisikia kila kitu, hata kiti changu kilivyolia.

Waliosoma maelezo ya juu wameshaona tatizo. Theta kwa mtu anayesinzia si kitu. Theta kujaa kwa mtu mzima aliye macho, na ambaye siku hizi anaweka gundi kwenye friji, ni jambo la kukukosesha usingizi. Nilitaka kufunga ile picha kabla hajafika, lakini alishasimama nyuma yangu. Aliitazama kama unavyotazama mwandiko wa mwanao. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa hii ni ya nani, na sote wawili tulijua anajua. Kisha akaenda kuosha vichana, akaviosha muda mrefu kuliko vilivyohitaji.

Daktari alikuwa safarini. Tulimsubiri wiki tatu, na sitaki kuzirudia hata kwa mshahara wa mkurugenzi. Kila siku Bi Sinzia alikuja, akapima vichwa kwa futi ya mumewe, akawapitisha watu jikoni kwao rafu kwa rafu. Mimi nilikuwa namvizia. Nilimuuliza kijanja leo siku gani. Akanijibu, "Leo Jumatano, mwanangu, na wewe acha." Mumewe alikuja mara moja, akanivuta pembeni na kuniuliza nilichokiona. Nilimjibu kwamba mashine mpya zina mambo yake. Ilikuwa kweli, na haikuwa jibu. Alinishukuru, na nilitamani ardhi inimeze.

Katikati ya hayo kamati ikawa inaudai wasifu huu. Niliandika "anastaafu akiwa mwenye afya njema", nikafuta. Nikaiandika tena, nikafuta tena.

Mwanzoni mwa Juni daktari alirudi, na safari hii kamera ilikuwapo. Alimfanyisha Bi Sinzia kazi akiwa amefumbua macho: kusoma kwa sauti, kutoa saba kwenye mia na kuendelea kutoa, kutaja wajukuu wote na vituko vyao. Mistari ilikuwa ya haraka, safi, ya mtu mwenye hamsini zake. Kisha daktari akaniashiria nififize taa nimpumzishe. Nilifanya kama nilivyofundishwa, nikatoka, na theta zikaja kama mwezi Mei.

Daktari aliwasha taa akamuuliza kama alilala. Bi Sinzia akasema hata kidogo. Ndipo tukamwonyesha picha ya kamera: miwani imeenda upande, mdomo wazi, na mkoromo ambao nilidhani ni feni. Aliitazama mpaka mwisho. Akauliza huyo bibi ni nani na nani kamruhusu aingie. Halafu akacheka, na kicheko kikamgeuka akalia, na daktari akaangalia dirishani.

Daktari alituambia tuliyokuwa tukiwaambia wagonjwa wetu miaka yote, kwamba mtu aliye kwenye theta za kusinzia mara nyingi huapa kuwa yuko macho. Vipimo vya kumbukumbu navyo vilitoka vizuri kwa umri wake. Alisema uchovu wa miaka mingi na hofu ya mtu aliyemuuguza mama yake vinatosha kuficha kopo la gundi. Lakini hakuapa. Amempa tarehe ya kurudi Desemba, kitini palepale. Kwa hiyo Bi Sinzia anastaafu, ila mashaka yangu bado yapo kazini.

Lilibaki swali moja. Kichwa kilichogoma kusinzia kwa mashine tatu, kimesinzia vipi kwa ya nne, mara mbili? Nilimuuliza nikiwa namwosha gundi nyweleni kwa maji ya uvuguvugu, kazi ambayo miaka yote ameifanya yeye kwa wengine. Alifumba macho, nikadhani amesinzia tena. Kisha akaniambia, "Hujui ulisema nini ulipokuwa unazima taa? Maneno hayo nimewaambia watu tangu ujana wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia mimi."

Kweli, nilikuwa nimeyasema. Yalinitoka kwa mazoea, siku zote mbili.

Wiki iliyopita fundi alirudi kurekebisha mashine akahitaji kichwa. Nikalala mimi. Taa zikafifizwa, nikaambiwa nipumzike, na nikasikia korido nzima, feni, lifti, na mtu akiangusha kijiko chini kabisa kule jikoni. Mistari haikutulia hata mara moja. Daktari alitazama, akachukua kalamu, akaandika: "Askari wa zamu mpya amepatikana." Futi imetundikwa kwenye msumari wangu. Mzee, utatuwia radhi, hairudi.

Bi Sinzia, kwa niaba ya hospitali, ya waliopona bila kujua jina lako, na ya watoto wa wodi ile uliyoiacha kwa muda, tunakushukuru. Tunakuombea asubuhi zisizo na haraka, wajukuu wenye vituko vipya, na kichwa kinachookota kila kilichoangusha. Desemba uje. Kiti ni kilekile, maji nitayapasha mwenyewe, na jiko la nyumbani kwenu nitaliuliza kuanzia mlangoni.

Mpaka hapo, sinzia tu, Bi. Niko macho.