Bi Nyundo na Nyufa Zilizozibwa

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni, dukani au kwenye foleni ya benki, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka mhandisi wa majengo wa manispaa yetu. Alifariki wiki iliyopita, baada ya kuugua figo kwa muda mrefu. Jina lake la kwenye vyeti wanalijua wenzake wa ofisini. Sisi wa mtaani tulimwita Bi Nyundo.

Jina hilo alilipata kihalali. Mkobani mwake haikukosekana nyundo ndogo. Ukimwalika chai, anagonga ukuta kwanza, anatega sikio, ndipo anakusalimia. Binti yake ameniambia kwamba hata alipolazwa aligonga ukuta wa wodi, akamwambia muuguzi plasta ya pembeni imeachia. Muuguzi akamwomba apumzike. Hakupumzika mpaka fundi alipoitwa.

Mnalikumbuka lile tetemeko la ardhi la kwanza, lililotukuta mchana kweupe. Nyumba chache zilianguka. Nyingi zilibaki zimesimama, lakini zimepasuka. Nyumba iliyoanguka haina swali, wasikilizaji. Iliyosimama ndiyo yenye swali: watu walale ndani, au walale nje?

Wakati ule kila mwenye nyumba alitakiwa ajitafutie mhandisi na amlipe mwenyewe. Narudia, ili tuelewane. Mkaguzi alilipwa na mwenye nyumba. Mwenye pesa alipata cheti, asiye nazo alipata hema kiwanjani. Bi Nyundo alikuwa ameiomba halmashauri itenge fedha za umma kwa ukaguzi, bajeti baada ya bajeti. Diwani mmoja alimjibu kwamba tetemeko analolihofia halijaleta barua ya kuja. Kikao kizima kilicheka, na ombi likarudi kwenye faili.

Tetemeko lilipokuja bila barua, manispaa ikampa gari moja, wasaidizi wachache na makopo ya rangi, apitie nyumba ambazo wenyewe hawakuweza kumlipa mkaguzi. Mlango ukipakwa kijani, ingia. Njano, ingia kwa tahadhari. Nyekundu, usiingie kabisa.

Sasa sikilizeni tulichofanya. Sisi tumelelewa tukiambiwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi tukaziba. Mafundi wa plasta wiki ile hawakushikika, ukimwita mmoja anakuuliza wewe ni wa ngapi kwenye foleni. Bi Nyundo akifika anakuta kuta laini na rangi mbichi, kama nyumba inayongoja mgeni wa heshima. Alikuwa mkali yule mama, tusimpambe kwa sababu amekufa. Alikuja hapa studioni amevimba kwa hasira. "Ufa ndio unaonionyesha nyumba imeumia wapi," alisema. "Mnamziba mgonjwa mdomo, halafu mnaniuliza hali yake."

Akafika kwa dada yake mkubwa. Dada huyu ni mjane, na alikuwa na nyumba ya ghorofa moja aliyoishi pamoja na wapangaji. Kodi ya wapangaji ndiyo iliyokuwa ikimlisha na kusomesha watoto wake. Alimpokea mdogo wake kwa bashasha, akamwambia kwamba pale hata kikombe hakikuvunjika. Bi Nyundo akagonga nguzo iliyo chini ya ngazi. Ikaitika vibaya. Akakwangua rangi, akakwangua plasta mbichi, akakuta zege limepasuka mpaka nondo zinaonekana.

Dada akamvuta pembeni. Maneno aliyomwambia amenisimulia mwenyewe juzi: "Mdogo wangu, ukipaka nyekundu wapangaji wanaondoka leo. Kesho mimi nitakula rangi?"

Bi Nyundo akapaka nyekundu.

Wapangaji waliondoka. Dada na wanawe hawakuwa na pa kwenda, wakahamia kwa huyohuyo aliyewafukuza. Paa moja, jiko moja, sufuria mbili. Dada alipika chake na Bi Nyundo alipika chake, na kila mmoja alimtuma mtoto amwombe mwenzake chumvi. Binti anasema walipishana ukumbini kama watu waliogombana kwenye foleni ya maji.

Na ile nyumba haikuanguka. Ilisimama vilevile, na ndimi zikapata kazi. Watu walisema damu ni nzito kuliko maji, ila ya Bi Nyundo ilikuwa maji matupu. Maneno hayo yalimuuma. Binti alimkuta mara moja chooni akilia, bomba limefunguliwa ili asisikike.

Lakini kukaa na dada yake kulimfunza jambo ambalo chuo hakikumfunza. Zamani aliomba fedha za wakaguzi tu. Sasa aliomba pia pesa za kupangia pa kukaa kwa muda kwa wanaotolewa kwenye nyumba zao, na msaada wa kuimarisha nguzo. Alisema nyekundu bila msaada ndiyo inayowafanya watu wafiche nyufa.

Siku ya kikao cha bajeti nilikuwepo, na kinasa sauti changu. Madiwani walibisha. Walisema wananchi wetu ni waungwana, nani angeficha ufa juu ya vichwa vya watu? Mwenyekiti akatazama viti vya wananchi, akauliza kama yupo aliyeziba. Tulikuwa tumejaa pale, na karibu sote tuliziba. Kila mtu alitazama viatu vyake.

Akasimama dada mtu. Wapangaji wake wa zamani walikuwa wamekaa nyuma yake. "Mimi niliziba," alisema. "Niliuona ufa, nikajua ni mbaya, nikaita fundi. Hawa walikuwa wanapita chini ya ile nguzo na watoto wao. Niliziba kwa sababu nyekundu ingeninyima chakula. Mngenilisha, ningemwonyesha mwenyewe."

Mpangaji mmoja aliinuka, akatoka nje, na mpaka leo hawasalimiani. Hiyo ndiyo gharama aliyolipa mama yule. Mfuko wa ukaguzi na msaada ulipita, kwa kura chache na kelele nyingi. Jioni ile, anasema binti, sufuria ilikuwa moja.

Tetemeko la pili lilipokuja, watu hawakuita fundi wa plasta. Walizungushia nyufa zao chaki, wakapiga simu manispaa. Ukaguzi ulikuwa bure. Waliotolewa walilipiwa pa kulala. Nguzo ya dada ilikuwa imeshaimarishwa, na mwenyewe amerudi kuishi pale na wapangaji wapya.

Tunampa pole dada yake. Tunawapa pole binti na wapwa zake, na wakaguzi wenzake wa manispaa. Msiba wenu ni wetu pia, maana wengi wetu tunalala ndani kwa sababu yake. Mungu ampumzishe, na asimkasirikie akigonga kuta za huko.

Wiki ijayo halmashauri inajadili kuupunguza mfuko ule, kwa kuwa ardhi imetulia siku nyingi na fedha zina kazi nyingine. Kila mmoja wetu atafakari hilo kabla ya kulala, kisha amtafute diwani wake.

Nilimuuliza dada mtu swali ambalo mtaa haujaacha kuuliza. Je, nyumba ile ingeanguka kweli? Alikuwa anakunja nguo za marehemu. Hakuinua kichwa.

"Sijui," alisema. "Mdogo wangu alihakikisha sitajua kamwe."