Tambara la Zamu ya Bertha

Benchi la Haji muuza kahawa, hapa Ngamiani, lina miguu mitatu na tofali moja, na ukikaa upande wa tofali usicheke sana, utaanguka. Hapo ndipo tunapoitengeneza dunia kila alasiri. Yupo Amur, tunamwita Injinia kwa sababu zamani alipaka grisi magurudumu ya mabehewa na hajaacha kutukumbusha. Yupo Sadalla, tunamwita Redio, maana hazimiki. Na mimi nipo, wa kusikiliza na kuchochea. Siku hiyo, mwaka ule masika ilipogoma kuisha, Rafaeli alikuja bado yumo ndani ya kanzu nyeupe ya kazini, akakaa bila salamu. Rafaeli husalimia hata mbuzi, kwa hiyo tulijua kuna jambo.

Redio: Rafaeli, umefiwa?

Rafaeli: Sijafiwa. Mke wangu anaondoka.

Injinia: Bertha? Aenda wapi?

Rafaeli: Kwao Soni, huko milimani, kwa mama yake. Kesho ni zamu yake ya kupiga deki, naye hawezi kukamua tambara. Asema kuaibika mara moja kumemtosha.

Ngoja nikueleze. Rafaeli amepanga chumba kwa Bi Fakhria, nyumba ya vyumba sita na ukumbi mmoja katikati, sakafu ya saruji. Wake wa wapangaji hupokezana zamu ya kuupiga deki ukumbi huo. Tangu masika ianze, vifundo vya mikono ya Bertha vimevimba. Kuchovya tambara anaweza, kusugua anaweza. Akifika kwenye kukamua, machozi yanamtoka. Zamu iliyopita alipangusa na tambara linalochuruzika, ukumbi ukabaki dimbwi, na wifi wa Bi Fakhria mwenye nyumba akateleza akakaa kitako na sinia lake la wali. Hakuumia. Maneno aliyoyasema ndiyo yaliyoumiza, kwamba watu wa milimani wamezoea udongo, sakafu hawaijui.

Rafaeli: Mie sitaki aende. Chumba kile bila Bertha ni kitanda na ukuta tu.

Haji akasuuza kikombe, akakipangusa, akakikamua kitambara chake, akakirudisha begani. Akammiminia Rafaeli kahawa bila kuulizwa.

Redio: Mbona jambo jepesi! Asikamue. Alitundike msumarini, maji yashuke yenyewe.

Rafaeli: Alitundika. Masika hii, Redio? Siku ya tatu bado bichi, lanuka utumbo wa samaki, na maji yote yaliingia kwenye viatu vya mpangaji wa chumba cha mbele.

Injinia: Tusirukie dawa kabla ya ugonjwa. Tambara lenyewe ni la nini?

Rafaeli: Gunia.

Injinia: Basi! Gunia ni lafi, lanywa ndoo nzima. Achane kanga kuukuu, vipande vya kuenea kiganjani.

Rafaeli: Amechana. Kipande kidogo chakamulika, kweli, lakini ukumbi ni ule ule. Vipande vingi, kukamua kwingi. Jioni mikono imevimba vile vile.

Mimi: Si alikalie?

Rafaeli: Amelikalia. Kaweka ubao juu ya tambara, akakaa. Maji yalitoka, yakapanda kwenye gauni.

Tukacheka. Halafu tukaona haya, maana Rafaeli hakucheka. Nilimfikiria yule mama mpole amekaa juu ya ubao uani, gauni limelowa, peke yake.

Injinia: Sikilizeni. Ajaribu baiskeli.

Redio: Baiskeli kukamua?

Injinia: Waipindua, matairi juu. Wafunga tambara kwenye spoku. Wazungusha pedali kwa nguvu, maji yaruka, tambara labaki kavu.

Mimi: Yaruka kwenda wapi?

Injinia: Pembeni.

Mimi: Pembeni kuna nguo za Bi Fakhria zimeanikwa.

Injinia: Hilo ni jambo la kupanga nguo, si la mashine.

Redio: Injinia, wewe wawaza padogo. Kule mashamba ya mkonge wana mashine ya kushindilia robota. Marobota makubwa yale, yanatoka magumu kama matofali. Tukusanye matambara ya Ngamiani yote, tuyapeleke kwa lori mara moja kwa juma, yabanwe.

Injinia: Lori la nini na reli ipo? Wewe walilaza tambara juu ya chuma cha reli. Treni ya Moshi yaja, yapita juu. Behewa moja, la pili, la tatu. Tone halibaki!

Mimi: Na tambara labaki?

Injinia: Labaki... jembamba.

Walikuwa wamesimama sasa, wanaoneshana kwa mikono jinsi gurudumu linavyokanyaga, nami nakiri nilikuwa nimeanza kuamini. Benchi likayumba. Rafaeli alishika kikombe chake kwa mikono miwili, hanywi.

Ndipo akaja mtu mmoja tusiyemjua, Mbondei wa makamo, jogoo kwapani. Anaitwa Timotheo, akasema, na anangoja basi la kwenda Muheza, ukweni kwake. Tukamsogezea nafasi upande wa tofali. Redio hakumwacha hata apoze kahawa. Akamsimulia yote, vifundo, ukumbi, wifi na wali, baiskeli, mpaka treni. Timotheo alisikiliza vizuri sana, akaitikia kila palipotaka kuitikiwa.

Timotheo: Poleni. Pole sana, ndugu Rafaeli. Na wewe wafanya kazi gani, kama si vibaya kuuliza?

Redio: Huyu? Boi wa ndani huyu, kwa Mzungu, Raskazone! Hakuna boi kama yeye. Sebule ya memsabu, bibi yake wa Kizungu, ukipita wajiona uso sakafuni.

Timotheo: Hongera. Kumbe hodari kabisa.

Redio: Hodari? Deki yake husifiwa mpaka na wageni wa bwana!

Timotheo: Na huko matambara hukamua nani?

Aliuliza hivyo tu, kama mtu anayeuliza basi linafika saa ngapi. Injinia akasema, “Lakini ile ni kazi, hii ni...” Haji alikuwa katikati ya kukamua kitambara chake, akasita, kitambara kimesokotwa mkononi, maji yakimdondokea miguuni.

Rafaeli akaweka kikombe juu ya benchi. Akaitazama mbele na nyuma ile mikono yake miwili mizima, yenye harufu ya sabuni ya watu. Kisha akaanza kukunja mikono ya kanzu, mmoja, halafu wa pili.

Redio: Waenda wapi?

Rafaeli: Nyumbani. Kuna gunia la deki ya kesho, limelowekwa tangu asubuhi.

Injinia: Ukumbini, Rafaeli? Wapangaji wote wakuone umeinama na tambara?

Rafaeli: Memsabu ananiona kila siku.

Akaenda. Kahawa yake ikapoa pale pale juu ya benchi, na hakuna kati yetu aliyeigusa.