Wamesafisha Sauti ya Peris

Machakos mjini, mbele ya duka la Gedi la mablanketi na masanduku, kuna benchi ambalo ukilikalia asubuhi huliachi mpaka jua likufukuze. Mkewe Gedi, Safiyo, ndiye anayeichemsha kahawa kwa tangawizi, na Gedi ndiye anayeimimina huku akijisifu kana kwamba aliichemsha yeye. Wanywaji wa kudumu ni watatu. Kuna Wambua, aitwaye Bunge, kwa sababu hakuna hoja inayompita bila kujadiliwa. Kuna Erastus, fundi wa redio, aitwaye Waya. Na kuna mwalimu mstaafu Bartholomew Mbithi, ambaye mji mzima humwita Besi, maana miaka ya sitini, katika kwaya ya chuo cha ualimu, yeye ndiye aliyekuwa na ile sauti nzito ya chini inayotetemesha madirisha. Asubuhi moja ya mwaka 2003 Besi alifika, akasalimia, akapokea kikombe chake, akakishika tu.

— Mwalimu, hiyo kahawa unakunywa ama unapasha mikono? Gedi akauliza.

Besi akatia mkono ndani ya koti, akatoa CD iliyokuwa bado ndani ya nailoni yake. Juu yake palikuwa na picha ya vijana wenye mashati meupe, wamepangwa kwenye ngazi za ukumbi.

— Ni kwaya yetu, akasema. Kalunde, binti yangu, ameipata Nairobi. Kampuni moja ya ng'ambo imetoa tena zile nyimbo tulirekodi na yule mwalimu mzungu. Muziki wao wa kale, ule wa fidla na kinanda. Wanasema wameusafisha.

— Sasa hiyo si habari njema? Mbona uso kama umefiwa?

— Peris yuko humu ndani.

Peris alikuwa mkewe Besi, na Gedi, Bunge na Waya ndio waliombeba hadi kaburini, kijijini Muthetheni. Katika wimbo wa tatu kwaya hunyamaza kabisa, naye huimba peke yake. Besi alikuwa na santuri ya nyimbo hizo nyumbani, na baada ya msiba aliicheza kila jioni, hata sindano ikachimba mfereji palepale Peris anapoanzia. Halafu jua la Januari likaingia dirishani, likaikunja kama chapati. Tangu hapo hakuwahi kuisikia tena sauti ile. Na sasa, tangu Jumapili, alikuwa akitembea nayo mfukoni bila kuthubutu kuifungua.

— Ngoja kwanza, Bunge akasema. Kusafisha ni kusafisha aje? Sauti si sufuria.

— Wanatoa zile kelele, Waya akaeleza. Zile krr, krr, kama mafuta kwa karai. Wanabakisha wimbo peke yake.

— Na watajuaje kelele ni gani na mtu ni gani? Mimi nilipeleka suti yangu ya harusi kwa dobi. Ikarudi safi, haina doa, imenyooka. Lakini haikuwa suti yangu!

— Ulifanya nini?

— Nikaoa nayo hivyo hivyo.

Gedi alicheka mpaka kahawa ikamwagika. Besi hakucheka.

— Bunge anachekesha lakini kuna ukweli, Gedi akasema akijipangusa. Kwetu, ngozi ya mbuzi ya kufunika nyumba ukiisugua, manyoya inatoka. Sawa. Ukiendelea kusugua, itatoboka, utaona jua ukiwa ndani ya nyumba. Kusafisha iko na mpaka.

— Wacheni mimi niwaambie, hii ni kazi yangu, Waya akadakia, ingawa kazi yake ilikuwa kubadilisha nyaya za redio. Pale pamechanika, kompyuta inakisia. Inasikiza kabla, inasikiza baada, halafu inajaza hapo katikati. Haba na haba hujaza kibaba.

— Inajaza na nini? Besi akauliza polepole.

— Na mama yeyote.

— Asi! Wewe Waya!

— Nasema vile mtambo hufanya kazi, Mwalimu. Si kwa ubaya.

Bunge akasimama. Akisimama, basi hoja imeiva.

— Mimi nasema hakuna mtu humo ndani kabisa. Hao watu walichukua msichana wa kwao, akaimba upya, wakabandika picha yenu juu. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Na CD ni kitu ya kuzunguka kutoka mwanzo hadi mwisho!

— Hiyo methali maana yake haiko hivyo, Bunge.

— Iko hivyo ukiwa unaangalia CD.

Besi aliiweka CD juu ya goti, akaifunika kwa kiganja. Mwezi uliopita, akipalilia kando ya kaburi, alikuwa amejaribu kumkumbuka Peris akiimba. Wimbo ulikuja wote, tangu mwanzo hadi mwisho. Sauti haikuja. Alisimama pale na jembe lake, akamwita kichwani kwa jina, na aliyeitika alikuwa na sauti ya Besi mwenyewe.

— Mimi siogopi eti wameharibu, akasema hatimaye. Ikiharibika nitajua, nitaitupa. Naogopa wameweka nzuri kushinda yake. Nitaisikiza leo, nitaisikiza kesho, nitaizoea. Na siku moja nitasema huyo ndiye Peris. Hapo nitakuwa nimemzika mara ya pili, na safari hii bila nyinyi kunisaidia kubeba.

Bunge akakaa chini. Waya akaanza kukagua kucha zake. Hata Gedi, ambaye hushikilia birika kana kwamba ni usukani, aliliweka chini.

— Twende ndani, Gedi akasema. Niko na mashine kwa kaunta. Kama si yeye, tujue leo, na tujue tukiwa wote.

— Na kama si yeye?

— Basi tutakaa na wewe hapa hapa. Kwani tuna kazi gani?

Gedi hakuigusa CD. Alimwachia Besi aichane nailoni kwa meno, aifungue, aiweke kwenye mashine. Waya akabonyeza mpaka wimbo wa tatu. Kwaya ikajaa dukani, ikapita katikati ya mablanketi, na chini kabisa, chini ya fidla zote, ikasikika ile besi.

— Ni wewe huyo! Bunge akanong'ona. Ulikuwa na kifua kweli.

Besi aliinua mkono kumnyamazisha. Kwaya ikakoma. Kimya kikaingia, kimya safi kisicho na krr hata moja, kikawa kirefu hata Waya akanyoosha mkono.

— Imekwama.

— Wacha!

Na ndani ya kimya kile, mtu akavuta pumzi. Pumzi fupi, yenye kikwazo kidogo mwishoni, kama ya mtu anayekanyaga maji ya baridi. Kisha Peris akaimba.

Besi alishika kaunta. Pumzi ile hakuwahi kuisikia kwenye santuri, hata siku moja. Kelele zilikuwa zimeifunika miaka yote hiyo. Lakini aliijua. Peris aliivuta kabla ya kuomba mezani, kabla ya kuita kuku, kabla ya kuanza ugomvi. Ndiyo iliyokuwa ikimwonya Besi kwamba sasa anaambiwa jambo. Hakuna mtambo ungeweza kuikisia, maana hakuna aliyeijua duniani ila yeye na watoto.

— Ni yeye, akasema.

— Uko na hakika, Mwalimu? Waya akauliza kwa upole. Si mama yeyote?

— Mama yeyote! Huyu karibu aniambie nimeacha ng'ombe bila maji.

Akacheka, machozi yakimshuka bila haya, na kicheko chake kikatoka kulekule chini kilikokuwa kikitoka enzi zile. Gedi akampiga begani. Bunge akapenga kamasi kwa leso, akatangaza kwamba yeye, kwa upande wake, hakuwahi kuwa na shaka. Hakuna aliyejisumbua kumpinga. Wakaurudia wimbo, wakaurudia tena, hata wapita njia wakawa wanapunguza mwendo.

Mmoja alisimama kabisa. Alikuwa mama mmoja kutoka Masii aliyekuja kuuza mbaazi, gunia lingali mgongoni, kamba imemkaza kwenye paji la uso. Akasikiliza mlangoni mpaka Peris akamaliza.

— Huyu mama anaimba vizuri, akasema. Anasema nini?

Waya akamtazama Bunge. Bunge akafungua kinywa, na kwa mara ya kwanza tangu benchi liwekwe pale, akakifunga bila kutoa neno.

— Mimi nilidhani ni Kikamba cha zamani, Gedi akakiri.

Wote wakamgeukia Besi. Aliyajua maneno yale yote ya lugha ya kigeni, herufi kwa herufi, kama walivyoandikiwa ubaoni na yule mwalimu. Maana yake walielezwa pia, siku ya kwanza. Lakini siku hiyo kijana Mbithi alikuwa mstari wa nyuma, macho yake shingoni mwa msichana wa mstari wa mbele ambaye jina lake alikuwa hajalijua bado.

— Mwaitu, mama yangu, hata mimi sijui.

Mama wa Masii akalitua gunia lake kizingitini, akajifuta jasho, akatafuta mahali pa kukaa.

— Basi rudisheni tena. Mara hii msiongee.