Kikombe cha Maji cha Baba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa wa Mikindani. Mimi ni Karisa, karani wa bandarini, yule mnayemwona kila Jumapili akipanga viti. Leo nasimama kwa aibu, lakini nisiposema nitapasuka.

Ndugu zangu, nilikuwa mtumwa wa gemu. Chekeni tu, mtu mzima na ndevu zangu. Lilikuwa gemu la kompyuta, habari za dola kubwa iliyoanguka, majumba ya wafalme yamebaki magofu. Wewe ndiwe unayeamua: huyu umwokoe au umwache, huyu umsamehe au umfukuze. Kila jibu lako linageuza mambo ya mbele. Na ukijuta, hakuna neno, unarudi nyuma ulipohifadhi, unachagua upya. Hilo ndilo lililoniharibu. Nikazoea kwamba kila kosa lina marudio.

Baba yangu alikuwa amekuja kukaa kwetu kutoka Kaloleni kwa ajili ya kliniki ya presha. Asubuhi moja nimetoka kidogo, akachomoa waya wa kompyuta, akachomeka redio yake asikilize matangazo ya vifo. Kurudi, gemu limezimika na kazi yangu yote ambayo sikuwa nimeihifadhi imepotea. Nilimfokea baba yangu mbele ya mke wangu Kadzo na watoto. "Mzee, umekuja kuniharibia vitu? Hapa si Kaloleni!" Alichukua redio yake, akaenda zake barazani. Siku tatu hatukuwa na maneno ila salamu.

Nyinyi Wagiriama wenzangu mwaijua desturi. Mzazi akiwa na donge na mwanawe hutia maji kinywani, akampulizia kifuani, akasema maneno ya kulitoa lile donge lisije likamwandama mtoto. Baba, kwa kuwa ameokoka, alikuwa akimalizia na sala. Mwenye kosa ndiye anayepaswa kwenda kuomba hayo maji. Mimi sikwenda, kiburi kilinijaa. Yeye ndiye aliyeniita.

Ilikuwa Jumamosi, saa kumi alasiri. Kadzo akaja mlangoni. "Baba Rehema, mzee akuita barazani. Ameshika kikombe cha maji."

Nilielewa pale pale. Lakini kwenye gemu, mfalme wa mwisho wa ile dola alikuwa amenipigia magoti, mzee wa mvi, aniomba msamaha. Nikasema, "Mwambie naja." Nikachagua jibu, mfalme akaondoka kwa hasira. Nikarudi nyuma. Nikachagua jingine, akalia, lakini hakunipa pete yake niliyokuwa nikiitaka. Nikarudi tena. Ndugu zangu, nilikuwa nikimtafutia maneno matamu mzee wa kuchorwa, na mzee aliyenizaa ananingoja na maji mkononi.

Kadzo alikuja mara ya pili. Alisimama tu akanitazama, kisha akaenda jikoni.

Nilipotoka, kikombe kilikuwa chini, maji yametapakaa sakafuni, na baba ameegemea ukuta, mdomo umekwenda upande. Kiharusi. Hospitali walimwokoa, lakini ulimi wake haukufunguka tena.

Siku aliyorudi nyumbani nilimpelekea kikombe kile kile. Nilipiga magoti kando ya kitanda, nikasema, "Baba, nimekosa." Nilimwinua kichwa, nikamtia maji kinywani. Hakuweza kuyapuliza. Yalimtiririka kwenye kidevu, na baba akayafuta kwa mkono wake ule mzima, akanipaka kifuani, polepole, mpaka shati likalowa. Nililia kama mtoto. Hapo ndipo Bwana aliponifungua. Lile gemu nililifuta, na hamu yake haijanirudia hadi leo.

Baba tulimzika mwaka jana. Mungu amenisamehe, na baba alinisamehe, nashukuru. Lakini yale maneno aliyokuwa ameniandalia Jumamosi ile amekwenda nayo, na ningetoa chochote niyasikie.

Mpendwa, kama una mzazi anayekuita, au ni Bwana mwenyewe anayekuita, usimwambie naja. Asubuhi hii nilipopanga viti niliacha njia pana hapa katikati. Inuka upite.