Kazi ya Bure ya Kipngeno

Benchi letu liko nyuma ya steji ya matatu ya Kericho, chini ya mabati ya duka la Wamuyu, anayepiga chapa na kutoa fotokopi. Mimi huuza kahawa hapo, mtoto wangu Marcella mgongoni. Alasiri hiyo ya mwaka wa 1999 mvua ya mawe ilikuwa imetubana pamoja mimi na wateja wangu watatu: Gitonga wa duka la jumla, tunayemwita Jumla, Kiplangat, makanika wa trekta za chai, tunayemwita Gia, na Osoro, fundi wa redio, ambaye kwetu ni Antena. Nafasi ya mwisho ilikuwa wazi. Ni ya Kipngeno, kijana wa kompyuta, ambaye sasa amelala kwao Soin, amekonda, na hakuna anayeutaja huo ugonjwa. Mama yake alikuwa ametupita akiingia kwa Wamuyu na kikapu chini ya shuka. Hata salamu alisahau.

Mimi: Ameleta disketi. Kipngeno anataka kazi yake itumwe kwa laini ya simu leo, kabla wenzake wafunge kupokea kazi za watu.

Gia: Wenzake gani? Watu hajawahi kuwaona hata sura!

Jumla: Hebu mnikumbushe, hiyo kazi ni ya nini?

Mimi: Si alituambia hapa hapa? Kompyuta zina lugha. Kuna ya wazee, Lisp, imejaa mabano. Kuna ya vijana, Java, ndiyo kila mtu anakimbilia. Yeye na mmoja wa Finlandi na mwingine wa Brazili wanatengeneza programu, ile ya wazee ipate kuishi ndani ya hii ya vijana.

Jumla: Sisi Wakikuyu na Wakipsigis, kukaa jirani kulitushinda juzi tu. Yeye anapatanisha mashine?

Gia: Usianze, Jumla.

Jumla: Sijaanza. Nimeuliza tu.

Gia alimsogezea kikombe chake mwenyewe, kile nilichokuwa nimetia sukari nyingi. Tangu nyumba ya Jumla ichomwe kule Londiani kwenye vita vya makabila, hivyo ndivyo Gia humaliza maneno naye.

Jumla: Na analipwa na nani?

Mimi: Hakuna. Wanaitoa bure. Anayetaka anachukua, anafungua, anaona ndani. Akipata kasoro anarekebisha na kuwarudishia.

Jumla: Haiwezekani! Mimi ni mtu wa biashara. Kampuni moja ya sabuni iliniletea katoni nzima nigawie watu bure. Mwezi uliofuata kila mama anataka hiyo tu, na bei imepanda. Hiyo ni chambo, boss.

Gia: Mimi naona mbaya zaidi. Hiyo kitu itawekwa kwa mashine ya kuchuna chai. Mashine itatembea yenyewe shambani, na wachunaji waende nyumbani. Na bibi yangu ni mchunaji, mjue.

Antena: Nyinyi bado mko chini sana. Mimi hufungua redio, najua waya inaweza kubeba nini. Yale mabano niliyaona kwa karatasi yake. Yanafunguliwa, yanafunguliwa, alafu mwisho yanafungwa kumi kwa mpigo. Hayo ni maombi! Na si ya Mungu. Finlandi kuna miezi jua halitoki. Watu wa giza wako huko, wanaomba kupitia simu, na kijana huku anaisha. Huo ugonjwa ulipitia kwa waya.

Gia: Wacha wazimu, Antena!

Antena: Haya, ulipitia wapi? Sema wewe.

Antena akainamisha kichwa, na sauti yake ikabadilika.

Antena: Jumapili nilikuwa huko. Nilimnyoa ndevu. Nilipomgeuza, alikuwa mwepesi kama huyu Marcella.

Mimi: Aliongea?

Antena: Kidogo. Alisema hana mtoto, lakini jina lake litabaki ndani ya hiyo programu. Yeyote ataifungua, pahali popote, ataona ile sehemu ilitengenezwa na Kipngeno wa Soin. Na isipofika leo, wanaendelea bila yake.

Mlango wa duka ukafunguka. Wamuyu alitoka na disketi moja mkononi.

Wamuyu: Hazisomeki. Hata moja. Nimejaribu mashine zote mbili.

Gia: Na ile kompyuta yake ya ofisini?

Wamuyu: Alipougua walifuta kila kitu, wakampa mwingine. Kazi ilikuwa kwa hizi disketi tu.

Gia: Si aandike tena?

Antena: Vidole havishiki hata kijiko, Gia.

Antena aliichukua ile disketi. Plastiki ilikuwa imejikunja, na masizi yameingia kila pembe. Aliipangusa kwa upindo wa shati, akasukuma kile chuma kidogo, akachungulia, kisha akakirudisha polepole kama mtu anayemfunika mgonjwa.

Antena: Hii imepikwa.

Mama Kipngeno alikuwa amesimama nyuma ya Wamuyu. Jumla alivua koti, akalitandika kwenye ile nafasi iliyokuwa wazi, akamshika mkono hadi akaketi. Nilimpa kahawa. Hakuinywa.

Mama Kipngeno: Aliniambia, mama, weka hizi vizuri, sina kitu kingine. Nikaweka darini juu ya moto, pamoja na mbegu ya mahindi. Moshi unafukuza wadudu. Tangu niolewe, mbegu haijawahi kuniharibikia huko. Na juzi baridi ilipozidi nikaongeza kuni, hizo vitu zake zisishike unyevu.

Wamuyu alipiga magoti matopeni, akaanza kumfunga kamba za viatu zilizokuwa zimelegea.

Gia: Mama, sikiza. Wewe mwambie imeenda.

Mama Kipngeno: Ataniuliza wale wenzake wamejibu nini. Amekataa kulala, anasema atalala nikirudi. Sasa nikifika, watoto wangu, nimwambie nini?

Jumla alimtazama Gia. Gia alimtazama Antena, na Antena aliendelea kushika ile disketi. Birika bado lilikuwa zito mkononi mwangu. Hakuna aliyenyoosha kikombe.