Polikarpo Nampanda, Mpiga Picha wa Nusu Uso

Ndugu zetu mliotoka Buguruni, Kinondoni na hapa Temeke, mimi ni Damiani, mdogo wake marehemu wa tumbo moja, na wazee wamenituma niwaeleze alivyoishi kaka yangu.

Polikarpo Nampanda alizaliwa tarehe 26 Januari 1909 kijijini Nangoo, karibu na misheni ya Ndanda, siku ya mtakatifu ambaye padre alimpa jina lake, akasoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1919 hadi 1923, akafika darasa la nne, huku akichapwa mara kwa mara kwa kuchora ukutani kwa mkaa, na viboko havikumsaidia kitu.

Mwaka 1928 aliingia Dar es Salaam, akabeba mizigo bandarini, kisha mwezi Mei 1931 akaajiriwa kufagia studio moja ya picha mjini, akajifunza humo kupiga na kusafisha picha, mpaka Februari 1938 alipoamriwa kuzipaka filamu penseli ili sura za watu weusi zitoke zimepauka, naye akakataa, akavua aproni, akaondoka.

Alifunga ndoa na Margareta tarehe 12 Mei 1934, wakajaliwa watoto watatu, Anastasia, Kalista na Benedikto, na alipoacha kazi ni Margareta aliyehamishia kitanda sebuleni, chumba chao cha Buguruni kikawa studio.

Watu wetu mnawajua, mtu akienda kupigwa picha huvaa akapendeza, akasimama wima, akataka masikio yote mawili yaonekane na viatu pia, kwa kuwa picha iliyokosa kiungo wanaiona ya mkosi, lakini kaka aliwaketisha kando ya mlango, akaacha mwanga uguse upande mmoja, upande wa pili ukabaki gizani, basi wateja wakarudi wamefura, wakidai nusu ya uso waliyonyimwa, naye akawajibu kwa upole kwamba weusi wa mtu una mengi ndani yake kwa anayetulia kuutazama. Tulimsihi abadilike ili watoto wapate kula, akasema watoto watakula na picha hazitabadilika, akaanza kufyeka mashamba ya watu asubuhi na kupiga picha zake mchana, miaka kumi na saba, na nyumba hii ya Temeke tuliyokalia leo yeye na Margareta waliijenga kwa ubishi huohuo.

Alianza kuugua kifua mwezi Agosti 1955, akatibiwa hospitali ya serikali, akarudi, akalazwa tena, na jana Jumanne, tarehe 9 Oktoba 1956, alfajiri, akatutoka.

Jana jioni wazee wa ukoo waliamua kwamba mbele ya jeneza iwekwe picha ya marehemu ya siku ya harusi ya Anastasia, aliyopigwa na fundi mwingine, amesimama, uso unang'aa, viatu vyote vipo, lakini Margareta akaleta picha aliyompiga yeye mwenyewe mwaka huu, mgonjwa akimwelekeza pa kusimama, ambayo ina jicho moja, shavu moja, na giza tupu. Wazee walisema ni aibu kumzika mtu nusu. Margareta aliiweka juu ya jeneza, akaketi kando yake, akasema mumewe hakupausha uso wa mtu yeyote, na wake hautapaushwa akiwa amelala hawezi kukataa, na hakuna aliyethubutu kumwondoa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kuteka maji tangu jana, waumini wenzake, na mafundi picha wenzake, hata wale waliomcheka.

Picha ile mimi bado siipendi, nasema mbele yenu nyote, inaniumiza kuitazama, lakini nitatangulia nayo mwenyewe hadi makaburini, nimeishika kwa mikono miwili, na anayetaka kuigeuza aanze na mimi.

Kaka, pumzika kwa amani, ulivyojiona ndivyo tunavyokuzika.